Baba wa Silinda Sita

Baba yangu mtaani hana jina lingine ila Sita. Ukiuliza kwake kwa jina alilopewa na wazazi wake utazunguka mpaka viatu viishe soli. Sababu ni pikapu yake, ile kubwa ya kuvuta trela, yenye injini ya dizeli ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Hubeba matofali, mabati na mbao, na jioni huipangusa boneti kwa fulana yake kuukuu. Kwake yeye, mtu aliyebuni injini ya namna nyingine yoyote alikuwa na haraka zake tu.

Rafiki yake wa tangu ujana ni Nane. Pikapu ya Nane ni kubwa vilevile, ila ina silinda nane, nne huku na nne kule, na huvuta kokoto kutoka machimboni. Wawili hawa wanabishana tangu kabla sijaota meno. Baba husema sita huvuta tangu chini: unaondoka na mzigo mlimani taratibu bila kukanyaga mafuta, na ikiharibika unafungua boneti unaona kila kitu. Nane humwambia kwamba hiyo ni sifa ya gari linaloharibika. Yake hupanda mlima na trela limejaa huku inapiga mluzi. Baba hujibu kuwa huo mluzi ni turbo inaomba msaada. Huendelea hivyo barazani mpaka Mama atoke na chai ya kuwanyamazisha, na chai ikiisha wanaanza upya.

Sasa, mimi ndiye mtoto wa pekee wa Sita. Nilipopata mimba, na aliyenipa akaingia mitini, Baba hakunifukuza wala hakunigombeza. Aliacha kusema nami, basi. Mama akageuka mkalimani. Baba alikuwa akimwambia, "Mwambie mwanao asinyanyue ndoo," nami nimekaa palepale, mkono wangu unamfikia. Matunda aliniletea, aliyaweka mezani akaondoka, kana kwamba yamejileta yenyewe. Afadhali angenifokea. Kufoka kungekwisha siku moja.

Nikajifungua mtoto wa kike, na bado kimya hakikuvunjika. Baba alimchungulia kitandani, akamsifu kwa Mama, hakumshika. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: aseme nami kabla sijazoea kutosemeshwa. Maana nilikuwa nimeanza kuzoea, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Mtoto naye akawa na lake. Kila alasiri alilia mpaka akabadilika rangi. Daktari alimpima, akasema ni mzima, ni tumbo tu la watoto wachanga, litapita. Litapita lini, hakusema. Nilimbembeleza, Mama akambembeleza, tukamwimbia mpaka sauti zikakauka. Alasiri moja Nane akapita barabarani na kokoto zake, injini inanguruma, na mtoto akanyamaza ghafla, macho wazi, kama mtu aliyesikia hodi. Gari likaenda zake, kilio kikarudi.

Baba alikuwa uani, akaona. Akawaza atakachowaza dereva yeyote wa pikapu: mtoto anapenda dizeli. Uso wake ukang'aa. Aliisogeza pikapu yake hadi dirishani, pua ikitazama nyumba na bomba la moshi likitazama barabara, akaiwasha, akaiacha ingurume polepole. Mtoto akaangua kilio cha kutikisa kuta. Baba akaongeza moto kidogo, akapunguza, akafungua boneti kuhakikisha hakuna kinachogonga. Hakuna kilichogonga. Mjukuu wake hakuitaka tu. Nilimwona amesimama pale na fulana yake mkononi, nikacheka, kisha nikamwonea huruma.

Alinuna siku kadhaa. Lakini maji yalipotufika shingoni, mimi silali na Mama halali, alipiga moyo konde akaenda kwa Nane. Mama, aliyemsindikiza, anasema aliomba huku akiuangalia ukuta. Nane angeweza kumtania kwa hilo mpaka uzeeni. Badala yake alilifungua trela kutoka kwenye gari, akaja.

Akaegesha palepale dirishani. Injini ilipowaka, mtoto alikatiza kilio katikati. Akapiga miayo. Punde alikuwa amelala begani kwangu, mdomo wazi, nami nikakaa naye kitandani.

Baba aliingia akasimama mlangoni. Alimtazama mtoto, kisha akaanza kumweleza Mama. Ni mapigo, alisema. Silinda nane hupiga karibukaribu, ndiyo maana sauti inakuwa nzito, na huenda sita zimetulia mno kwa masikio ya kichanga. Alikuwa akijitetea mbele ya mtoto aliyelala. Mimi nikachoka.

"Si mapigo, Baba," nikasema. "Amelizoea hilo gari. Nililipanda kwenda kazini kila siku, yeye akiwa tumboni."

Baba akageuka akaniangalia mimi, si Mama. Hakuwa akijua. Mimi ni karani wa mizani kule machimboni, napima magari ya kokoto, na Baba alidhani nakwenda kwa basi. Hakuwahi kuniuliza. Mama alijua, lakini yeye pia hakuulizwa. Nikamwambia yote, kwa sauti ya chini nisimwamshe mtoto. Nane alinikuta kituoni asubuhi moja nimeinama natapika, akafungua mlango akasema panda, mwanangu. Tangu hapo alinisubiri kila siku kwenye kona. Penye matuta alikwenda polepole mpaka malori ya nyuma yakatupigia honi, na njia nzima alilihubiria tumbo langu habari za silinda nane. Nililia mara nyingi ndani ya gari lile, na hakuna siku aliyouliza kwa nini.

Nje injini ilizimwa. Nane akaja mlangoni kuuliza kama mtoto amelala.

Baba akamwambia, "Zile safari zilikuwa zangu."

"Najua," Nane akajibu. "Nilikushikia tu."

Nane akamgusa bega, akaaga, akaenda kufunga trela lake. Gari lake lilipokata kona mtoto alishtuka, akaanza kulia upya, na hapo Baba akanyoosha mikono. Nikampa. Alimshika vibaya, kiwiko juu sana, nikamrekebisha. Mtoto alimlilia usoni kwa sauti yote, maana hakumjua. Baba hakumrudisha. Alizunguka naye chumbani, machozi yakimtiririka, akimwambia polepole kwamba ana haki ya kulia, alie tu, babu yupo.

Aliposimama, alisimama mbele yangu.

"Kazini unarudi lini?" akaniuliza.

"Jumatatu."

"Unatoka saa ngapi?"

Nilimwambia saa kumi na mbili asubuhi.

"Nitaiwasha mapema," Baba akasema, "ipate moto kabla hujapanda."