Gitaa la Mapajani la Bi Nyamizi

Siku Nasri alipomwona Bi Nyamizi kwa mara ya kwanza, alidhani mama yule amebeba mtoto. Alikuwa anakuja kwa miguu kutoka upande wa Gongoni, mjini Tabora, mgongoni kitu kimefungwa kwa kanga kama wanavyofungwa watoto wachanga. Nasri akashangaa: mama wa miaka sabini na ushei, na mtoto mchanga, wapi na wapi? Mama alipofika kwenye kibanda cha Nasri cha kutengeneza redio alifungua fundo, akamlaza mtoto wake mezani katikati ya redio zilizofumuliwa. Mtoto alikuwa gitaa.

Lakini gitaa la ajabu. Ubao mmoja mnene, mfupi, rangi imebanduka, nyuzi sita, na tundu la waya ubavuni.

"Ukiliunganisha na redio linakohoa tu," mama alisema. "Wewe ndiye Nasri Mzaramo?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Basi nimepotea njia. Nyie Wazaramo si mnajua ngoma tu, mnacheza mpaka nguruwe wanamaliza mahindi?"

Nasri alitabasamu akainamia bisibisi yake. Babu wa babu yake ndiye aliyetoka pwani na msafara, akaoa Tabora, akabaki. Yeye mwenyewe hata bahari hajaiona. Lakini Uzaramo haukufutika, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, hivyo kila Mnyamwezi aliyeingia kibandani alikuwa na ruhusa ya kumchokoza. Naye alitakiwa kurudisha. Hakuwahi kurudisha. Jibu lilimjia mteja akishaondoka, pengine baada ya siku mbili, na wa kumwambia hayupo.

Bi Nyamizi alikaa akasimulia. Zamani alikuwa mpishi wa mzungu mmoja, mtaalamu wa tumbaku. Mzungu alipofunga mizigo kurudi kwao, aliuza vyombo vyake uani. Watu waligombania masufuria na vyandarua. Gitaa lilibaki pale pale, maana wengi walidhani ni ubao wa kukatia nyama uliotiwa nyuzi. Ila Nyamizi alikuwa amemwona yule mzungu akilipiga: analilaza mapajani, anatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, na sauti inavutika kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde. Akalichukua kwa kuku mmoja jike. Chuma hakikuwepo, kwa hiyo akatafuta pini ya pistoni ya lori bovu, laini kama yai. Tangu hapo alilipiga nyumbani kwake Ntalikwa akitoka shambani. Binti zake wanne walitolewa kwenda kuolewa kwa sauti ya gitaa hilo.

"Sasa Jumamosi anatoka Julieth, mjukuu wangu," alisema. "Mwanangu Renatus amekodi spika mbili kama makabati. Na azipige. Lakini Julieth hatoki nyumbani kwangu bila gitaa hili. Nimemwahidi tangu ananyonya."

"Njoo Alhamisi, mama."

Waya wa ndani ulikuwa umeachia. Nasri aliulehemu mara moja, sauti ikarudi. Kazi ingeishia hapo. Ila alipolitazama tena aliona nyuzi ziko juu mno, kidole kinapita chini yake bila kuzigusa. Aliwahi kutengeneza magitaa mawili matatu ya kwaya, na alijua nyuzi za namna hiyo zinachubua vidole. Maskini mama wa watu, akasema moyoni, miaka yote hii anateseka. Akachukua tupa, akachimba kile kijiti cha plastiki kinachobeba nyuzi upande wa kichwani, mpaka nyuzi zikalala karibu na ubao. Hiyo ilikuwa nyongeza yake kwa mteja. Akafurahi.

Alhamisi Bi Nyamizi alikaa kwenye kigoda, akalilaza mapajani, akapitisha pini. Chuma kiligonga ubao: ko. Akajaribu tena. Ko, ko.

"Nani ameziteremsha nyuzi?"

Hapo ndipo Nasri alipoelewa kwamba nyuzi zile hazibonyezwi kwa vidole; ziliinuliwa makusudi ili chuma kiteleze juu yake. Angeweza kusema ubao umepinda kwa uzee. Mafundi husema hivyo kila siku, na mteja atajuaje?

"Ni mimi, mama. Nilidhani nakusaidia."

Bi Nyamizi aliiweka pini mezani. Hakutania. Hilo lilimchoma Nasri kuliko matusi.

"Julieth anatoka Jumamosi saa nane mchana," alisema.

"Niachie na hiyo pini."

"Nakuachia. Na faini yako nitakutajia huko huko, Mzaramo."

Ijumaa Nasri alikwenda buchani kuomba mfupa wa muundi wa ng'ombe. "Umefuga mbwa?" muuza nyama akamuuliza. Aliuchemsha utoke mafuta, akaukausha juani, akaukata kwa msumeno wa chuma. Kipande cha kwanza kilipasuka. Cha pili alikisugua kwa msasa taratibu, akachonga vijia sita vya nyuzi, akakigandisha pale palipokuwa na kile kijiti cha plastiki. Alipopitisha pini, haikugonga. Sauti iliita.

Jumamosi alipanda baiskeli hadi Ntalikwa, gitaa mgongoni ndani ya kanga ileile. Njia nzima watu walimuuliza mama wa mtoto yuko wapi.

Bi Nyamizi alilijaribu akiwa amefumba macho. Kisha akasema, "Faini yako ni hii: simama mbele ya watu useme ulichofanya."

Nasri alitamani ardhi ipasuke. Renatus akamkabidhi kipaza sauti.

"Mimi naitwa Nasri, fundi redio," alisema. "Gitaa la mama nililiharibu mimi. Nimelitengeneza kwa mfupa wa ng'ombe."

"Mmesikia?" Bi Nyamizi akapaza sauti. "Mzaramo ukimpa kazi, anakurudishia supu!"

Watu wakacheka. Na kwa mara ya kwanza maishani, jibu lilimjia Nasri kwa wakati wake.

"Afadhali mimi! Babu zenu walibeba pembe za ndovu mpaka kwetu pwani, wakarudi mikono mitupu. Mimi nimewaachia mfupa!"

Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Bi Nyamizi alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga, kisha akaanza kupiga. Julieth alitoka mlangoni polepole, na sauti ile ikamsindikiza hatua kwa hatua hadi kwenye gari, bila kugonga hata mara moja.

Wiki iliyofuata Renatus alimchukua mama yake kwenda kuishi naye Choma, wilayani Igunga, na Nasri hajamwona tena. Lakini mezani kwake kuna kisanduku cha kiberiti, na ndani yake mfupa uliosuguliwa vizuri kuliko ule wa kwanza, na ameshaulizia basi la Igunga linaondoka saa ngapi. Maana siku ya safari alikwenda stendi kumsindikiza, na gari lilipokuwa linang'oa nanga Bi Nyamizi alitoa kichwa dirishani akamwita:

"Mzaramo! Chonga mfupa mwingine, uniletee mwenyewe. Huu utalika kabla yangu!"