Mwanamume Chumbani kwa Kidawa

Kidawa aliingia eda mwezi wa Februari, mvua za mchana zikiwa bado zinapiga mabati ya La Rochelle, mtaa wa Johannesburg, na hakuna aliyemwambia aingie. Alijiingiza mwenyewe. Siku ya mazishi hakuitwa. Habari alizipata kwa Zabibu, msichana wa hoteli ya Fordsburg aliyekuwa akimletea vitunguu saumu vya kumenya. Zabibu aliteremsha gunia mlangoni, akafuta mikono kwenye dera lake.

"Dada Kidawa, Burhani amefariki. Wamemzika leo asubuhi."

Kidawa hakulia. Alivua bangili moja moja, akajifunga kitambaa cheupe kichwani, akakigeuza kioo kikatazama ukuta, kisha akakaa kitandani.

"Unafanya nini sasa?"

"Nimefiwa na mume. Unataka nifanye nini, nicheze ngoma?"

Zabibu akatazama vidole vyake vya miguu. Fordsburg nzima ilijua kwamba Burhani alikuwa amemwacha Kidawa. Talaka aliitoa kwa simu, tena kwa ujumbe wa sauti, maana alijua mkewe hajui kusoma. Sauti ile Mayasa, dada yake Burhani, alikuwa nayo kwenye simu yake, na kila aliyetaka kuisikia alisikilizishwa, hata wauza mapazia wasiojua Kiswahili. Mayasa hakuwahi kumtaka Kidawa. Mke mkubwa wa Burhani, aliyebaki Tanga, alikuwa binti wa mjomba wao; huyu wa Johannesburg, muosha vyombo asiye na shule wala jamaa, kwake alikuwa "yule wa La Rochelle."

Lakini kulikuwa na simu ya pili. Kabla eda ya talaka haijaisha, Burhani alilazwa hospitali kwa maradhi ya figo, na alasiri moja akapiga. "Kidawa," alisema, sauti imekwisha, "nimekurejea. Umesikia? Nimekurejea." Nyuma yake Kidawa alimsikia mwanamke akisema, "Basi, inatosha, pumzika." Sauti ya Mayasa angeitambua hata sokoni. Simu ikakatwa. Burhani alipotoka hospitali alipelekwa kwa dada yake, na geti la nyumba ile halikumfungukia Kidawa hata mara moja, mpaka mgonjwa alipotolewa akiwa ndani ya jeneza.

Talaka ilirekodiwa, kurejewa hakukurekodiwa. Kwa hiyo watu waliamini talaka.

Kidawa alitaka jambo moja tu. Siku eda itakapoisha, Mayasa aje amtoe, kama wanavyotolewa wake za watu: ammwagie maji kwa mkono wake mwenyewe, wanawake wengine wakitazama. Akishafanya hivyo, hatapatikana tena mtu wa kusema kwamba Kidawa alikuwa hawara aliyejipachika kwa maiti. Ndiyo maana alikaa eda ile kwa ukali, kama askari aliyewekwa lindo. Hatoki, hajipambi, hapaki hata mafuta ya nazi yenye harufu. Mkate na maziwa aliletewa kutoka spaza, kiduka cha mtaani, na Victoire, fundi cherehani wa Bukavu aliyekuwa mwenye nyumba.

Chumba chake kilikuwa uani, nyuma ya nyumba kubwa, na dirisha lilitazama kipande cha majani, mpichi mmoja, bomba na ukuta wenye nyaya juu. Hapo ndipo alipoanza kuwatazama ndege, kwa kukosa cha kutazama. Kwao Tanga ndege walikuwa wa kufukuzwa kwenye mpunga ulioanikwa. Hakuwahi kumtazama ndege mpaka mwisho.

Sasa aliwatazama, vidole vikimenya vitunguu vyenyewe. Alfajiri walishuka kwarara, wawili, wakubwa kama kuku, midomo mirefu iliyopinda, wakipiga kelele kama watu waliofumaniwa. Walitembea juu ya majani wakidunga ardhi hapa na pale, kwa madaha ya wakwe waliokuja kukagua nyumba. Minana waliokuwa wa njano kali, wakigombania vijiti vya kujengea, walianza kuchujuka Machi ilipokwisha, wakawa na rangi ya vumbi, na viota vyao vikabaki vikining'inia vitupu. Mbayuwayu walijipanga kwenye nyaya za barabarani, wakajaa, wakanong'onezana, na asubuhi moja hawakuwapo.

"Wanakwenda juu kule, wanapita Kongo yetu," Victoire alimwambia akimkabidhi mkate. "Hawana hata pasipoti, mama."

Kidawa aliwaonea choyo, kisha akawakasirikia. Hata kuaga hawakuaga.

Majani ya mpichi yakageuka mekundu, yakaanza kudondoka. Siku moja nguchiro mwembamba alipita chini ya ukuta, mkia umeinuka, akasimama kumtazama kupitia kioo, akaenda zake. Kidawa alimsimulia Zabibu habari hiyo kwa furaha iliyomshangaza mwenyewe. Zabibu alisema, "Eish, dada, labda ni panya," akachukua ndoo ya vitunguu vilivyomenywa akaondoka. Alikuwa mtu pekee wa kwao aliyekuja, na alikuja kwa ajili ya vitunguu.

Kisha, baridi ilipoanza kuuma, akaja yule mwingine. Kindege cha kijivu, kifua rangi ya chungwa, na juu ya jicho mstari mweupe uliomfanya aonekane kila mara kama mtu aliyeudhiwa. Kidawa hakujua anaitwaje. Alikuja kizingitini, akatingisha mkia, akadonoa chembe ya chapati. Kesho yake akaingia ndani hatua chache. Akawa anakuja asubuhi, chai ikiwa mezani. Aliinamisha kichwa upande mmoja kana kwamba anasikiliza, na alikuwa na tabia ya kula, kugeuza mgongo na kuondoka bila kutazama nyuma.

Tabia hiyo Kidawa aliijua. Aliijua kwa miaka mingi.

Alianza kwa kumsalimu. Baada ya siku chache akawa anamgombeza. Yale ambayo Burhani hakukaa kuyasikiliza, sasa aliyasikiliza huyu kwa bei ya kipande cha chapati.

Asubuhi moja Zabibu aliwahi kuliko siku zote. Mlango ulikuwa umerudishwa nusu kwa sababu ya upepo. Alipotaka kupiga hodi akasikia:

"Umekuja, eh? Juzi nimekungoja mpaka chai ikapoa. Ulilala kwa nani? Usinigeuzie mgongo, nasema na wewe! Haya, kula. Kula uondoke kama kawaida yako. Lakini mimi nisipokufungulia mlango huu, utakwenda kwa nani na baridi hii?"

Kikafuata kicheko kidogo, cha mwanamke anayempenda anayemgombeza.

Zabibu aliliacha gunia hapo hapo na kuondoka kwa ncha za vidole. Kabla ya adhuhuri Mayasa alikuwa na habari. Kabla ya magharibi, Fordsburg ilikuwa nayo: mwanamke anayejidai yumo edani kwa ajili ya Burhani anaweka mwanamume chumbani.

Jumamosi asubuhi walikuja watatu. Mayasa mbele, Zabibu nyuma akiona aibu, na katikati Bi Duni wa Unguja, mzee mwenye magoti mabovu aliyewaosha maiti na kuwatoa eda nusu ya wanawake wa pwani waliokuwa mji ule. Hawakubisha hodi.

"Yuko wapi?" Mayasa aliuliza.

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Huyo unayempikia chai."

Mayasa akafunua pazia, akainama kutazama uvunguni, akavuta sanduku. Zabibu akaambiwa atazame chooni. Bi Duni, kwa ajili ya magoti yake, aliachiwa kabati, akalifungua kwa adabu na kulifunga.

"Hapa pana sufuria tu," alisema.

"Zabibu amekusikia kwa masikio yake," Mayasa alisema. "Unamwuliza mwanamume amelala kwa nani. Kaka yangu hajaoza! Halafu unataka watu waje wakutoe eda? Eda gani, wewe?"

Kidawa alielewa, na damu ikampanda usoni. Jibu alikuwa nalo, tena la kweli, lakini lilimkwama. Kusingiziwa mwanamume kulikuwa kama kofi. Kumwambia Mayasa ukweli kulikuwa kama kuvuliwa nguo. Ni kumwambia: mmeniacha peke yangu mpaka nimefika hapa. Alitamani anyamaze, wamdhanie wanavyotaka. Lakini akinyamaza, eda imekwenda na maji.

"Ni ndege," akasema.

"Nani?"

"Ndege. Anakuja asubuhi. Nasema naye."

Zabibu aliziba mdomo. Mayasa alicheka mpaka akashika ukingo wa kitanda. "Ndege! Umekosa hata uongo wa maana? Ungesema redio."

"Mayasa, kaa," Bi Duni alisema. Yeye mwenyewe alishakaa, fimbo kati ya magoti. "Nimebadilisha teksi mbili na miguu hii. Siondoki bila kumwona huyo bwana. Kidawa, mwekee chakula chake kama kawaida. Nyinyi, ndimi ndani."

Basi wakakaa watatu juu ya kitanda kimoja, mabuibui yakigusana, wakikitazama kizingiti. Kidawa alimenya kitunguu kwa sababu mikono ilitaka kazi. Nje cherehani ya Victoire ilikimbia, ikasimama, ikakimbia. Jani la mpichi likaingia kwa upepo. Mayasa alivuta pumzi ili aseme, na Bi Duni akamgonga mguu kwa fimbo.

Ndege akaja. Alitua kizingitini, akawatazama wote kwa jicho lake la kuudhika, akatingisha mkia. Hakurudi nyuma. Aliruka mara mbili mpaka penye chapati.

"Laa ilaaha," Zabibu alinong'ona.

"Haya," Mayasa alisema chinichini, sauti imejaa kejeli. "Sema naye. Tusikie mnavyosemezana."

Kidawa alimtazama ndege. Alidhani atashindwa. Lakini ulimi ulishazoea njia.

"Umekuja," alisema. "Leo tuna wageni. Dada yako huyu, amekuja kututafuta uvunguni. Mwambie. Siku ile uliponipigia kutoka hospitali uliniambia nini? Ulisema umenirejea. Mara mbili ulisema. Na mikono yako, nilisikia, haikuwa na nguvu ya kushika hata kikombe. Simu ilishikwa na nani sikioni mwako? Mwambie dada yako, mimi akinisikia anasema mwongo. Nani aliyekuambia inatosha, pumzika?"

Ndege alimaliza chembe ya mwisho, akageuka, akaondoka kama kawaida yake.

Hakuna aliyecheka. Bi Duni hakumtazama Kidawa. Alimtazama Mayasa.

"Simu uliishika wewe?"

"Bi Duni, wodi ilikuwa na kelele—"

"Sikukuuliza kelele."

"Alikuwa na homa. Mgonjwa anasema mengi."

"Alisema, au hakusema?"

Mayasa alikunja ncha ya mtandio, akaikunjua. Kwa mara ya kwanza Kidawa aliona jinsi alivyokonda tangu Februari.

"Alisema," Mayasa alijibu. "Alisema, na homa ilikuwa juu."

"Homa haikumsahaulisha namba ya mkewe," Bi Duni alisema, akaegemea fimbo kunyanyuka. "Twendeni. Mwanamke yumo edani, tunampigia kelele."

Zabibu alibaki nyuma kidogo mlangoni. "Dada, nisamehe."

"Vitunguu vya juzi vilikuwa vibovu," Kidawa alisema. "Waambie wasiniletee vile."

Kindege kiliendelea kuja baada ya siku ile. Kidawa alikiwekea chapati, akafungua mdomo, akakosa la kusema. Yote alishayasema, tena mbele ya waliopaswa kuyasikia. Ndege alikula kimya, naye akamenya kimya. Mpichi ukabaki fimbo tupu. Asubuhi majani ya uani yalikuwa meupe kwa baridi, na kwarara walidunga ardhi ngumu bila kupata kitu, wakaacha kuja.

Eda iliisha Juni. Mayasa alikuja, kama Bi Duni alivyomwamuru, pamoja na Bi Duni mwenyewe na wanawake wengine ambao Kidawa hakuwa amewaona tangu azikwe Burhani. Victoire alichemsha maji. Bafuni, Mayasa alimmwagia kwa kopo kutoka begani mpaka chini, akamsugua mgongo.

"Nyanyua mkono, wifi," alisema.

Kidawa alinyanyua mkono. Alingoja neno lile limwingie, lifanye kile alichokuwa akikifikiria miezi yote hiyo. Maji yalikuwa yanapoa. Mayasa akamwagia mkono wa pili.

Wakamvika dera jipya, wakamfukiza udi, wakala pilau wamekaa juu ya mkeka, wakazungumza habari za bei za mapazia na harusi ya mtu. Nguo zake za eda Bi Duni alizifunga akazichukua. Adhuhuri ilipopita gari lilikuwa limekuja kuwachukua. Kidawa aliwasindikiza mpaka getini, na kwa mara ya kwanza tangu Februari akatia mguu nje.

"Mama, leo uko huru," Victoire alimwambia kutoka dirishani. "Unaenda wapi?"

"Natoka tu."

Alitembea mpaka kwenye roboti, zile taa za magari za barabara kubwa, akinukia udi kama bibi harusi. Kulikuwa na maneno mengi aliyokuwa amemwekea Mayasa kwa siku hii, makali, yaliyopangwa vizuri, na bafuni hakulisema hata moja. Sasa alikuwa nayo yote mdomoni. Watu walijipanga pembeni yake wakingoja, mmoja na simu, mwingine na mfuko wa unga, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Taa ikawaka kijani. Wote wakavuka, naye akavuka.