Karatasi Moja Yenye Jina

Saa tatu asubuhi, jua la Juni limeshatoka lakini mtaa wa Izia bado unatetemeka kwa baridi. Leonia amesimama ndani ya moshi wa jiko la shule, mwiko mrefu mkononi, anakoroga uji wa watoto mia tatu na kumi na wawili. Foleni inasukumana.

“Mama Uji, leo sukari imekwenda wapi?” anachokoza mtoto wa darasa la nne.

“Imeolewa, haipo nyumbani. Sogeza kikombe!”

Wanacheka, naye anacheka. Mara mtu mzima mwenye sare ya mgambo anapita kando ya foleni, kikombe cha bati mkononi. Kicheko kinakatika.

“Habari za asubuhi, mama. Binti hajambo huko aliko?”

“Hajambo,” anajibu Leonia, na anamchotea uji. Humchotea kila siku. Anasema sasa amezoea.

Mtu huyo tumwite Zenon. Binti anayeulizwa tumwite Valeria, na mama yake Leonia. Majina yote humu yamebadilishwa, maana jina la binti limeshaandikwa mara moja mahali pasipotakiwa, na mara hiyo inatosha.

Leonia ana miaka thelathini na tisa. Alizaliwa Mpui, akaishia darasa la saba. Mumewe yuko Kirando kwenye dagaa, huonekana anapojisikia. Kazi ya uji humpatia shilingi elfu sitini kwa mwezi, mwezi wenyewe ukikumbukwa.

“Sikufuata hela,” anasema. “Nilifuata mtoto. Nilitaka nimwone akiingia na akitoka.”

Jiko limepakana na darasa la saba. Kidirisha cha kutolea moshi kinatazamana na dirisha la darasa, hatua nne hivi. Kupitia hapo Leonia alikuwa akimwona Valeria ameinamia daftari, ulimi nje kidogo, akiandika ule mwandiko wake ambao walimu waliubandika ukutani ili wengine wauige.

Februari walikuja watafiti wawili. Walitaka kujua watoto wanakutana na uhalifu gani njiani na shuleni, na kama walinzi wa usalama wanawasaidia. Mmoja wao, kijana mpole aitwaye Isdori, aligawa karatasi za maswali akasema wazi: msiandike majina.

Valeria hakusikia. Alikuwa zamu ya kuteka maji ya jikoni. Aliporudi wenzake walishaanza, akakaa, akachukua karatasi.

Katika shule hiyo, karatasi isiyo na jina hairudi kwa mwenyewe. Inachanwa mbele ya darasa, na mwenye nayo anapata sifuri. Leonia alilijua hilo, maana binti aliwahi kulia kwa sababu hiyo. Basi akachungulia kwenye kidirisha chake.

“Vale! Jina umeandika?”

“Bado, mama.”

“Andika! Na darasa. Utachaniwa tena wewe.”

Akaandika. Juu kabisa, jina, darasa na tarehe, akapigia mstari kwa rula.

Chini yake kulikuwa na swali: ukiwa njiani unamwogopa nani zaidi? Valeria alijibu kwa ukweli, kama alivyolelewa. Kwamba anamwogopa mgambo Zenon. Kwamba anapowakamata watoro kwenye msitu wa milingoti, ile mikaratusi ya njiani, anawabebesha bangi kwenye mabegi ya shule wampelekee wateja, na anayekataa anatishiwa kupelekwa kituoni.

Jioni hiyo watafiti waliondoka kwenda Nkasi. Waliacha karatasi ofisini, kwenye bahasha isiyofungwa, wazichukue Jumatatu. Nani aliifungua, hadi leo hakuna anayesema.

Jumatatu asubuhi Zenon alimsubiri Valeria palepale kwenye milingoti. Hakumgusa. Alimwambia maneno machache tu: “Una mwandiko mzuri sana, binti.”

“Alirudi nyumbani mbio, kiatu kimoja,” anasema Leonia. “Nikamuuliza, amekufanya nini? Akasema, hajanifanya kitu, mama. Amenisifia.”

Tangu siku hiyo Valeria hajavuka geti la shule.

Leonia alikwenda kituo cha polisi. Askari wa zamu alimsikiliza hadi mwisho, akauliza, “Mama, hiyo karatasi iko wapi?” Leonia akampigia simu Isdori. Kijana akasema, “Mama, tuligawa karatasi mia moja na kumi. Tulizobeba ni mia na tisa. Kosa ni letu, tungeifunga ile bahasha.”

“Kwa hiyo hata kwenye utafiti wao mwanangu hayumo,” anasema Leonia, akifuta macho. Labda ni moshi. “Kilichomponza hakikuhesabiwa.”

Akaomba uhamisho. Akajibiwa kwamba darasa la saba likishasajiliwa kwa mtihani halihami. Septemba Valeria atafanyia mtihani Izia, au hafanyi kabisa na elimu yake itaishia hapo. Na siku za mtihani shule hulindwa. Mwaka jana geti lilikuwa na mgambo wawili. Mmoja alikuwa Zenon.

Hajawahi kuwaza kuacha hii kazi? Leonia anatikisa kichwa. “Nikiacha, nani ataniambia Zenon yuko wapi leo? Nikimchotea uji, najua hayupo Mpui, aliko mwanangu.”

Anataka wazazi wamsikie. “Wakija watu wa karatasi shuleni kwenu, msiwafukuze, wana nia njema. Lakini ulizeni: zitalala wapi? Nani ana ufunguo? Na mtoto wako mwambie mwenyewe asiandike jina, usingoje aambiwe darasani. Mimi nilimwambia kinyume, kwa mdomo wangu huu.”

Jumamosi hupanda gari kwenda Mpui kwa bibi, alikojificha Valeria. Mpango wake ni mmoja: siku mbili za mtihani atamwachia Scola, mpishi mwenzake, masufuria yote, amshike binti mkono hadi mlango wa chumba, kisha akae chini hapo getini, mbele ya Zenon, mpaka kengele ya mwisho. “Akinitoa, anitoe watu wakiona.”

Jumamosi iliyopita alimkuta binti amekaa kwenye gunia la ulezi, anaandika. Akafurahi, akaomba daftari aone. Herufi zilikuwa zimelala ovyo, kubwa kwa ndogo, kama za mtoto wa chekechea.

“Vale, nini hiki?”

“Najizoesha mkono wa kushoto, mama. Septemba wasinijue.”

Leonia alilifunga daftari, akamrudishia. Hakumwambia aache.