Bi Subiri, Aliyenikagua Mara Mbili

Siku ya kwanza kumwona, niliona miguu yake tu. Ilikuwa imetokeza chini ya lori langu, na viatu vimevuliwa vikapangwa pembeni, kama mtu aliyeingia sebuleni kwa watu. Mimi nilikuwa nimetoka kidogo kununua maji. Nikasimama na chupa yangu nisijue la kufanya, maana kwangu kumwita mtu nisiyemjua ni kazi kubwa kuliko kubadili gurudumu. Baada ya muda akajisukuma nje juu ya kipande cha boksi. Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, grisi shavuni, penseli na karatasi mkononi. Alikuwa ameilaza karatasi juu ya namba ya chesisi na kuisugua kwa penseli mpaka namba yote ikajitokeza.

"Gari lako, kaka?" akauliza.

Nikamjibu kwamba ni la mkwe wangu.

"Afadhali umesema. Kadi ina jina la mwanamke, na wewe una ndevu."

Alifanya kazi katika ofisi ya wakala wa mizigo, ghorofani juu ya duka la matairi. Wenye mizigo walikuja pale kutafutiwa malori, na yeye ndiye aliyehakikisha kwamba lori lina mwenyewe, mwenyewe ana leseni, na bima ni ya kweli. Kabla hajaridhika, hakuna kamba iliyofungwa wala turubai lililotandazwa. Madereva walimwita Bi Subiri, kwa sababu neno hilo alilitumia kuliko salamu. Ukimwambia una haraka, subiri. Ukimwambia tajiri wako anajulikana nchi nzima, subiri kwanza. Dereva mmoja mwenye mdomo aliwahi kumtania mbele yetu wote kwamba hata mume hakumkagua hivi. Akajibu bila kuinua macho kwenye faili: "Ningemkagua hivi, ningekuwa bado kwa mama."

Wakati huo nilikuwa nimeendesha magari ya watu miaka kumi na mmoja. Baba mkwe alipofariki aliacha lori moja la zamani, na mama mkwe akanikabidhi mimi badala ya kuliuza, ingawa ndugu zake walimwambia anamkabidhi bubu. Nilikuwa nimekwisha zunguka ofisi nyingi za mawakala na kukataliwa kwa adabu. Lori moja, kampuni hakuna, na mwenye kuomba kazi anaangalia vidole vyake vya miguu. Nani ampe mtu huyo mzigo?

Bi Subiri hakunikataa na hakunikubali. Alinichunguza siku mbili. Namba ya simu iliyochapwa kwenye cheti changu cha bima hakuipiga. Alikwenda mwenyewe kwa miguu mpaka ofisi ya bima, akauliza dirishani. Alisema mwizi anayeweza kuchapa cheti hashindwi kuchapa namba ya shemeji yake. Alikwenda kuona ninapolaza gari. Siku ya tatu akanipa mabati ya kupeleka mikoani, na baada ya hapo sikukaa wiki mbili bila safari kwa miaka mitano. Watoto wangu wamekua kwa mizigo ile.

Jambo moja alilonifundisha siku hiyo sikulitii. Kopi za karatasi zangu alizichora mistari miwili myekundu ya mshazari, akaandika katikati mzigo gani na tarehe gani. "Mdogo wangu," akasema, kwa kuwa tayari nilikuwa nimekuwa mdogo wake, "kila kopi unayotoa ifanye hivi. Kopi tupu ni kama funguo." Nikaitikia. Lakini sisi wenye lori moja moja tulikuwa na desturi ya kugawa kopi kila ofisi, tunaziacha mezani kama karanga za kuonjesha, tukitumaini siku moja wataita. Niliona haya kumchorea mtu mistari myekundu mbele ya macho yake, kana kwamba namwambia yeye ni mwizi. Nikaendelea kuzigawa tupu.

Basi mwaka wa tano akaja mtu ofisini kwao na lori la rangi kama ya langu, lenye namba za langu, na kopi za karatasi zangu mkononi. Alikuwa na barua kwamba nimemwajiri kuwa dereva kwa sababu mimi naumwa. Alikuja kuchukua nyaya za umeme za shaba, marobota makubwa ambayo yakipotea hayarudi. Karatasi zote zilikuwa sawa. Bi Subiri akavua viatu akaingia chini ya gari na ile karatasi aliyoisugua miaka mitano nyuma. Alipotoka, yule mtu alikuwa amekwisha ruka ukuta, amemwachia lori na karatasi.

Mzigo ulipona. Lakini karatasi zilikuwa zangu, na bosi wao hakuona njia nyingine zingefikaje kwa mwizi ila kwa mkono wangu. Akaniita. Barua ilikuwa imekwisha andikwa, iko mezani: jina langu na namba ya lori zipelekwe kwa mawakala wote, nisipewe mzigo popote. Alinigeuzia niisome. Nilisoma jina langu, kisha nikafikiria namna ya kuingia nyumbani na kumwambia mama mkwe kwamba gari la marehemu mumewe sasa ni la kufugia kuku.

Bosi akaniuliza kama nina la kusema. Nilikuwa nalo, tena mengi, lakini yalikwama. Ndivyo nilivyo tangu utoto. Nikishtakiwa, ulimi unakuwa mzito kama jiwe, na anayeniangalia anaona hatia. Bosi akachukua kalamu.

"Subiri," akasema yule mama kutoka mlangoni. "Huyu sijamaliza kumhakiki."

"Miaka mitano unampa mizigo, unasema hujamhakiki?"

"Wa miaka mitano nilimhakiki. Huyu wa leo bado."

Akavuta kiti akakaa mbele yangu, na hakunitazama kwa huruma hata kidogo. Aliniuliza nani wana kopi zangu. Kisha akanyamaza. Watu wengi wakiniuliza swali hujijibu wenyewe kwa kuchoka. Yeye alikaa, mikono mapajani, kama ana siku nzima. Mwishowe nikasema. Nikazitaja ofisi kumi na moja, na kukiri kwamba kopi zote nilizitoa tupu. Hapo nilimwona amekunja uso. Aliandika, akaniambia nikae nyumbani mpaka aniite.

Siku nne. Sikuweza kula wala kukaa kitako. Yeye kumbe yuko njiani na viatu vyake vya kubana. Alikwenda gereji, akaonyeshwa giaboksi ya lori langu imelala sakafuni vipande vipande tangu Jumatatu, kabla yule mtu hajaja na lori lake, na fundi akamwapia. Hakutosheka na kiapo. Akaomba daftari la getini. Alikwenda ofisi zote kumi na moja kuomba aonyeshwe kopi zangu. Kumi wakamtolea. Ya kumi na moja faili lilikuwepo, ndani hamna kitu, na karani wao alikuwa ameacha kazi wiki iliyopita bila kuaga. Alikwenda hata kwa mama mkwe, akamuuliza bila kuzunguka kama mkwe wake ni mwizi.

"Huyo?" mama mkwe akamwambia. "Huyo chumvi ikiwa mbali mezani anakula chakula chapwa."

Nayo aliiandika. Siku ya tano bosi alisoma ripoti kwa sauti mbele yangu, mistari michache tu. Kwamba lori langu halikuwa na uwezo wa kutembea siku hiyo. Kwamba kopi ilitoka ofisi fulani, na polisi wameambiwa. Kwamba niligawa karatasi zangu ovyo baada ya kuonywa, na kosa hilo ni langu na lisisahauliwe. Kwamba sikushiriki wizi. Bosi akaichana ile barua. Giaboksi ilipopona, nyaya zile zile nikazipeleka mimi.

Nimewahi kusamehewa na watu walionionea huruma, na nawashukuru. Lakini kuna raha nyingine katika kupekuliwa mpaka chini kabisa na mtu asiyekupendelea, kisha akasema uko safi, na pale ulipochafua akapataja. Sijawahi kutembea na kichwa juu kama mwaka ule.

Bi Subiri alistaafu, akahamia kwa binti yake, na mwaka jana akafariki nikiwa safarini. Mara ya mwisho kuonana naye nilipita hapo kwa binti yake kumjulia hali. Magoti yalikuwa yamemchoka, ananicheka kwamba siku hizi akiingia chini ya gari itabidi wamtoe kwa jeki. Tuliongea habari za barabara na za watoto. Njia nzima nilikuwa nimejifunza maneno ya kumshukuru, na hayakutoka mpaka nimesimama getini nikiaga. Nikamwambia bila yeye nisingekuwa mtu. Yalitoka yamevunjika vunjika, na nadhani nilikuwa nayaambia maua ya pale getini, si yeye.

Akanisubiri nimalize. Kisha akasema: "Usinishukuru mimi, mdogo wangu. Ningekukuta mwizi, ningeandika vile vile. Haya, nenda salama, na funga geti vizuri, mbuzi wa jirani hana adabu."