Maji ya Kuoga ya Tata Kalumba

Miaka ishirini tangu kampuni imwachishe kazi, fundi bomba Kalumba wa mtaa wa Kapata, ambaye wote walimwita Tata, yaani baba, bado alivaa ovaroli kila asubuhi na kukaa mlangoni, akingoja mtu aje kumwita. Hakuja mtu. Basi mkwewe Mbelu, mke wa mwanawe Stany, alipomtaja kwa Madame Louise, bibi wa mjini aliyemwajiri kazi za nyumbani, mzee alijiona amezaliwa upya.

Huyo Mbelu alikuwa na adabu za kwao. Kila jioni alipiga magoti, akaweka ndoo ya maji ya moto penye pazia la bafu, akapiga makofi taratibu, akaondoka bila kumtazama baba mkwe. Habari ya kuoga kwa mkwe haitoki kinywani mwa mwanamke, hata nyumba ikiungua. Magoti mabovu ya mzee yalipona kwa maji yale. Hakuuliza yanachemshwa wapi, katika nyumba isiyokuwa na makaa. Siku moja tu alinung'unika kwamba yananuka chuma.

Nyumba ya Madame Louise ilijengwa na mgeni wa nchi za baridi, akatia radiata kila chumba, zile mbavu za chuma ukutani zinazopitisha maji ya moto. Juni hii zilikuwa vuguvugu chini na baridi juu. Kalumba aliweka kiganja, akacheka. Upepo umejaa ndani! Akalegeza skrubu ya juu, upepo ukatoka ukipiga mluzi, chumba kikapata joto. Siku ya nne baridi ikarudi. Akatoa upepo tena, ukarudi tena.

Madame Louise akamsimamisha mbele ya mpishi na mlinzi.

"Tata, ufundi yako ilikufaka na kampuni. Leo ni mara ya mwisho. Ukishindwa, naita fundi wa Lubumbashi, na weye utabakia na ile ovaroli juu ya kuchekesha batu."

Mpishi akacheka kweli. Kalumba aliumia hadi mifupani, akaapa hatoki humo bila kurudisha jina lake la ufundi.

Akatambaa kwa magoti asubuhi nzima, chumba kwa chumba, akipapasa kila kiungo. Hakuna unyevu popote. Mbelu alikuwa anapiga deki ukumbini. Mara mbili tambara lilimponyoka. Mzee hakumwangalia. Katika chumba cha kufulia, chini ya radiata ya mwisho, akaona alichokitafuta, akashika koki yake, akaita kwa sauti kubwa ili wote waje.

"Madame, byuma haina bugonjwa! Kuko mutu anachota mayi ya moto humu, halafu anaongeza ya bomba. Ile mayi mupya njo inaleta upepo. Angalia: barobine yote iko na vumbi, hii moja inang'aa. Uko na mwizi mu nyumba."

Ulimi hauna mfupa, na wa mzee siku hiyo ulikuwa unacheza ngoma.

Mbelu akapiga magoti. "Ni miye, Madame."

"Ya kufanya nini?"

Mbelu akainamisha kichwa. Baba mkwe alikuwa amesimama pale pale, angesema nini?

"Kila mangaribi anatokaka na bido, ile dumu ya kuchotea mayi," mlinzi akasema. "Anaifunika na kitenge, anapanda moto, ile pikipiki ya kwenda Kapata."

Hapo pua ya Kalumba ikakumbuka ile harufu ya chuma. Neno moja lilitosha: ni mimi niliyeoga. Lilifika kwenye meno, likasimama.

"Vua tabliye, toka," Madame Louise akamwambia Mbelu, akimwonyesha aproni. Kisha akamgeukia mzee, safari hii kwa heshima. "Tata, kumbe uko fundi wa kweli! Kila mwezi utakuya kuangalia hii byuma."

"Aksanti, Madame," akasema Kalumba. Aibu yake, alisema hivyo.

Jioni, huko Kapata, Mbelu alipiga magoti, akaweka ndoo penye pazia, akapiga makofi taratibu, akaondoka bila kumtazama. Mzee akatia kiganja ndani, kama alivyozoea kupima chuma. Baridi juu, baridi chini.

Akavua ovaroli, akaoga.