Mashine Aliyonipa Kaka

Tulipomzika baba kule Kanduyi na ukafika wakati wa kugawana vitu vyake, niliomba kimoja tu: mashine yake ya kuchezea santuri, pamoja na santuri zenyewe. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyebaki nyumbani, alinitolea mashine siku hiyohiyo, imefungwa kwa shuka kuukuu. Kuhusu santuri alitikisa kichwa. Alisema paa la stoo lilivuja msimu mzima wa mvua, zikapinda na kuota ukungu, akazichoma pamoja na takataka.

"Hata ile ya baba?" nilimuuliza.

"Hata hiyo. Nisamehe, ndugu yangu."

Ile ya baba ilikuwa santuri ndogo yenye nyimbo mbili alizorekodi Nairobi akiwa kijana, akiimba kwa Kibukusu na kupiga gitaa mwenyewe. Hakurekodi tena maishani. Kaka aliinamisha macho aliponiambia, nami nikamwonea huruma.

Mashine niliipeleka kwangu Tuwan. Mkanda wa mpira unaozungusha sahani ya kuwekea santuri ulikuwa umelegea kama uzi wa soksi, na sindano imevunjika. Fundi mmoja wa redio mjini Kitale aliniagizia vyote viwili. Kazi iliyobaki niliifanya mwenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi. Mke wangu alishika pimamaji huku nikisukuma vipande vya kadibodi chini ya miguu ya meza, maana sahani ikiinama, sindano huteleza upande mmoja. Kisha mkono wenye sindano. Nyuma yake una kijiuzani cha kuzungushwa: ukikikaza mno sindano inakwangua, ukikilegeza inarukaruka. Nilikizungusha mpaka mkono ukaelea hewani wenyewe, haupandi wala haushuki, ndipo nikaongeza uzito kidogo kidogo. Nilibandika kipande cha karatasi kwenye sahani, nikahesabu mizunguko kwa saa ya mkononi kuhakikisha kasi ni sawa.

Santuri ya kujaribia niliipata kwa muuza mitumba, kwaya fulani ya kanisa. Ilipoimba bila kuruka hata mara moja, nilimpigia kaka nikaweka simu karibu na spika.

"Kumbe imefanya kazi," akasema.

Mwezi uliofuata shangazi yetu, dada yake baba anayekaa Matulo, alikuja kututembelea. Nikamwekea ile kwaya. Alisikiliza, akanywa chai, kisha akasema, "Hii ni nzuri. Lakini ile ya baba yako mngeiacha, mwanangu."

"Shangazi, si zilinyeshewa?"

"Zilinyeshewa na nini? Mimi ndiye nilimsaidia kaka yako kuzipanga kwenye katoni yule mgeni wa Nairobi alipokuja kuzichukua. Yule anayekusanya za zamani. Hata sijakuuliza kwa nini ulikubali."

"Nilikubali?"

"Si alisema mmekubaliana?" Akaweka kikombe chini. "Ati wewe ndiye ulimpa huyo mtu namba ya kaka yako."

Kesho yake nilienda Kanduyi. Nilimkuta kaka akipukuchua mahindi barazani. Nilimweleza aliyosema shangazi. Hakukana. Aliendelea kupukuchua gunzi alilolishika mpaka likaisha.

"Ulikuwa huna pa kuzichezea," akasema.

"Mashine ulinipa wewe mwenyewe."

"Sikujua utaitengeneza."

Sijui nilitarajia nini, lakini si hilo. Kumbe alinipa kwa mikono miwili kitu alichoamini kimekufa, ili ninyamaze. Nilimwomba namba ya yule mgeni. Nilipompigia, mtu yule aliniambia kwa upole kwamba santuri ile ameshamtumia mwenzake ng'ambo, na kwamba alihakikishiwa familia nzima imeridhia.

Shangazi alitaka tuitwe mbele ya wazee. Nilikataa. Wazee wangemwambia kaka aniombe msamaha, naye angeomba, na angeinamisha macho vilevile.

Hatujagombana. Juzi alinipigia kuhusu mpaka wa shamba, akanieleza jirani alivyousogeza na mahali jiwe la zamani lilipokuwa. Aliongea taratibu, akaulizia watoto, nami nikamjibu vizuri. Baada ya kukata simu nilivaa viatu, nikamwambia mke wangu ninaenda Kanduyi kuliona hilo jiwe kwa macho yangu.