Ukurasa wa Mwisho Uko Kwa Barasa

Wenzangu, leo nimekaribia kutapika sokoni, na sijaonja hata pombe ya busaa.

Mnanijua. Nimefika Kampala, nimefika Mombasa. Shule niliacha darasa la sita, vitabu sijaacha!

Tulipogawana vitu alivyoacha mzungu aliyetuuzia shamba, wengine walibeba mabati. Mimi nilibeba kitabu cha hadithi ya mauaji.

Kabla sijaimaliza, nikamwazima Barasa, karani wa posho mill, pale tunaposaga mahindi. Huruma yangu itaniua.

Leo nampata Mama Wambui akifunga ugoro wa kuuza. Anatia mate kidoleni, anachana karatasi. Karatasi ni kitabu changu!

"Mama, hiki ni changu!"

"Barasa alinipa, nikampa ugoro. Kwani karatasi ina mwenyewe?"

Barasa mwenyewe amesimama hapo, pua inachuruzika kahawia.

"Lakini nilimaliza kusoma, ndugu yangu."

"Basi nani alimuua yule tajiri wa kitabuni?"

"Hapo nimesahau. Ngoja." Akakunjua karatasi aliyopengea kamasi. "Ukurasa wa mwisho ndio huu."

Jina la muuaji liko chini ya kamasi.

Semeni ukweli, nyinyi mngepangusa?

Mimi nilipangusa. Kwa kidole.

Ni mpishi.

Sasa nani ataniazima sabuni?